Uwanja wa nyuma ya nyumba uliowatoa watoto barabarani Ndundu

Mzazi anayemnunulia mtoto gari la kuchezea huwa anafikiria bei. Mara chache anafikiria mtoto ataliendesha wapi. Gari la boksi lenye magurudumu ya kandambili halichagui njia. Linakokotwa kwenye mchanga, kwenye majani, hata kwenye tope. Gari la rimoti linalotumia betri ni jambo jingine. Lina mwendo, na kila chenye mwendo hutafuta ardhi iliyonyooka.

Ndundu, kando ya Mto Rufiji, ardhi iliyonyooka kuliko zote ni lami. Zamani eneo hilo lilijulikana kwa kivuko, hadi Daraja la Mkapa, lenye urefu unaokaribia kilomita moja, lilipofunguliwa mwaka 2003. Hata baada ya daraja, kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60, kiliendelea kwa miaka kuwa tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi. Sasa kina lami, na mabasi na malori ya Lindi na Mtwara hayana tena sababu ya kupunguza mwendo. Wazazi waliokuwa wakiililia barabara hiyo ndio hao hao ambao leo huwaita watoto kwa ukali kila wanapoisogelea.

Katika nyumba moja ya huko wanaishi baba ambaye ni fundi wa baiskeli na pikipiki, mama anayelima mpunga, bibi mzaa baba na watoto watatu. Mtoto wa kati, mvulana wa miaka 12, aliletewa na mjomba wake wa Dar es Salaam gari la rimoti kutoka Kariakoo. Siku ya tatu alikutwa pembezoni mwa barabara akiwa na wenzake wasiopungua kumi. Gari lilimponyoka likavuka mstari mweupe, na mtoto mdogo wa jirani akalikimbilia. Lori likapiga honi ndefu, likapita. Hakuna aliyeumia, na hata gari lenyewe halikuguswa.

Jioni hiyo baba alilifungia kabatini, akaweka ufunguo mfukoni.

Marufuku haikutosha

Kwa wiki mbili kijana alikuwa akila kimya na kujibu kwa neno moja. Hilo baba alilitegemea. Asilolitegemea ni kwamba watoto walirudi pale pale barabarani, safari hii na magari ya waya na ya makopo. Walikuwa wamekwishauzoea ule ukingo wa lami. Gari lilikuwa ndani, lakini watoto walikuwa nje.

Bibi, ambaye huketi chini ya mwembe akichambua mchele, ndiye aliyelisema wazi.

“Mwanangu, umefungia gari. Barabara umeiacha wazi.”

“Sasa nifanyeje, mama? Nihamishe barabara?”

“Hamisha mchezo. Nyuma ya nyumba kuna nini pale zaidi ya magugu na baiskeli zako mbovu?”

Nyuma ya nyumba palikuwa na eneo la hatua kama 14 kwa tisa. Lakini halikuwa la baba peke yake. Mama huanika mpunga pale kila msimu wa mavuno, na mpunga huo ndio chakula cha mwaka na ada ya shule. Alipoambiwa, hakukataa wala hakukubali haraka. Alitoa masharti matatu: wakati wa kuanika mpunga mchezo unafungwa, hakuna atakayegusa rimoti kabla ya kufagia uwanja na kuchota maji, na njia ya kwenda chooni isikatizwe na tuta lolote. Baba aliyakubali yote. Siku iliyofuata ufunguo wa kabati ulitoka mfukoni, ila gari lilibaki kwenye meza likisubiri uwanja ukamilike.

Udongo kwanza, mbwembwe baadaye

Mchezo huu una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya Tamiya ya Japani ilianza kuuza magari ya betri ya kukimbia kwenye vumbi mwaka 1979, na mashindano ya kwanza ya dunia ya magari hayo, yale ya ukubwa wa moja ya kumi ya gari halisi, yalifanyika California, Marekani, mwaka 1985. Baba na mwanawe walitazama video kadhaa kwenye simu. Waliona matuta, kona zilizoinuliwa na udongo mwekundu ulioshindiliwa hadi kung’aa. Walichokuwa hawajakijua ni namna ya kuupata udongo wa aina hiyo.

Jaribio la kwanza lilikuwa la kufyeka, kusawazisha na kuanza kuendesha. Ardhi ya pale ina mchanga mwingi. Baada ya mizunguko michache magurudumu yalichimba mifereji, na vumbi laini likaingia kwenye giya hadi gari likaanza kulia kama kinu kibovu.

Hapo bibi aliinuka. Yeye ni wa kizazi kilichojenga nyumba za udongo na kuzipiga sakafu kwa mikono. “Huo mchanga hauwezi kushika,” aliwaambia. “Kaleteni udongo wa kichuguu.”

Udongo wa kichuguu umesagwa na mchwa hadi ukawa laini, nao hushikamana vizuri. Ndiyo maana watu wengi huutumia kwa sakafu na matofali. Watoto waliubeba kwa ndoo kutoka kwenye kichuguu kilichokwisha kuhamwa. Bibi aliwaelekeza kuchanganya ndoo tatu za udongo huo na ndoo moja ya mchanga, kwa sababu udongo mtupu hupasuka ukikauka. Wakaunyunyizia maji, wakauacha ulale usiku kucha, asubuhi wakaushindilia kwa kigogo cha mnazi. Kipimo chake kilikuwa rahisi: ukiufinyanga mkononi, uwe donge bila kutoa maji, donge likianguka chini, livunjike vipande viwili au vitatu, lisitawanyike kama unga.

“Mume wangu,” bibi alimtania mjukuu wake, “ungekuwa umezaliwa enzi zetu, ningekuoa kwa ufundi huu.”

Ilikuwa mara ya kwanza kwa kijana kucheka mbele ya baba yake tangu siku ya lori.

Kona, tuta na dungu

Njia waliyoichora kwa kijiti ilikuwa na upana wa mita moja na robo, ili magari mawili yaweze kupitana. Mzunguko mzima ulikuwa kama hatua 50, wenye sehemu moja ndefu ya kufungulia mwendo, kona mbili pana na kona moja kali. Kona za nje waliziinua kidogo ili gari lisitupwe nje. Katikati ya uwanja waliinua ardhi na kando wakachimba mfereji mdogo, maana uwanja unaotuama maji hauna maisha, hasa katika bonde ambalo mafuriko ya mwaka 2024 yaliwafukuza watu kwenye makazi na mashamba yao.

Kingo zilitengenezwa kwa matairi mabovu ya pikipiki kutoka kwenye karakana ya baba. Waliyakata, wakayalaza na kuyakaza kwa vigingi. Jiwe au tofali huvunja gari, ila tairi hulirudisha njiani.

Tuta la kuruka ndilo lililowasumbua. La kwanza lilikuwa fupi na lenye mwinuko mkali. Gari lilipaa pua juu, likaanguka kwa mgongo. Baba alitaka kulibomoa kabisa. Kijana akaomba alirekebishe mwenyewe. Alirefusha upande wa kupandia hadi ukawa mara tatu ya kimo cha tuta, na upande wa kutua akaufanya mrefu zaidi, wenye kuteremka polepole. Gari liliruka, likatua kwa magurudumu manne. Baba hakusema kitu, ila alimpa kijana kile kigogo akashindilie mwenyewe.

Mwendeshaji anahitaji kuona njia yote kutoka juu, na katika viwanja vya wenzetu hujengwa jukwaa. Kwa watu wa Rufiji hilo halikuhitaji video. Wakulima wa bonde hilo wamezoea kujenga dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, cha kulindia mpunga dhidi ya ndege na wanyama na kukaa juu ya maji. Dungu la watoto lilikuwa na kimo cha kiuno cha mtu mzima, likiwa na ngazi mbili na fito za kuzuia asidondoke mtu. Mama ndiye aliyelikagua. Alilitikisa mara mbili, akaagiza nguzo moja ichimbiwe zaidi.

Betri si kitu cha kulala nacho

Baba alikuwa na hofu ya Luku. Hesabu ilimtuliza. Betri ya gari lile ni ya volti 7.4 na hubeba umeme wa takriban wati-saa 11. Uniti moja ya umeme ni wati-saa 1,000. Hata ukiondoa unaopotea kwenye chaja, uniti moja inaweza kuijaza betri hiyo zaidi ya mara 50.

Hofu iliyostahili ni nyingine. Betri za lithiamu hujaa kila seli inapofika volti 4.2, zikizidishiwa, zikitobolewa au zikichajiwa kwa chaja isiyo yake, zinaweza kuvimba na hata kuwaka. Kwa hiyo nyumba hiyo iliweka utaratibu. Betri iliyotoka uwanjani hupoa kwanza. Huchajiwa mchana, juu ya sakafu ya saruji, mbali na godoro, pazia na chandarua, mtu mzima akiwa nyumbani. Haiachwi kwenye chaja usiku. Ikivimba, haichajiwi tena hata kama bado inafanya kazi, wala haitupwi motoni.

Baada ya mchezo gari halioshwi kwa maji. Kijana hulipiga brashi kwa mswaki mkuukuu, akaondoa nywele na nyuzi zilizojiviringisha kwenye ekseli.

Gari moja, watoto 20

Uwanja ulipokamilika, mtaa mzima ulihamia nyuma ya nyumba. Hapo likazuka tatizo ambalo udongo hauwezi kulitatua: gari lilikuwa moja, na watoto walikaribia 20. Siku ya kwanza waliishia kugombana. Mwenye gari aliendesha kwa nusu saa, na wenzake wakaanza kuelekea barabarani tena.

Baba akakumbuka jambo aliloliona kwenye zile video. Katika mashindano ya magari ya rimoti, waendeshaji waliomaliza raundi yao hawaondoki. Wanasimama kwenye kona kuinua magari ya wenzao wa raundi inayofuata yanapopinduka. Bila wao hakuna mbio, maana aliye jukwaani hawezi kushuka kila gari linapoanguka.

Akaifanya kuwa sheria. Kila mtoto anapata mizunguko mitatu, muda unapimwa kwa simu na kuandikwa kwenye daftari. Akimaliza, anakwenda kusimama kwenye kona kumwinulia mwenzake. Asiyesimama kwenye kona, zamu yake ijayo imepotea. Wenye magari ya waya na maboksi nao walipewa muda wao, kwa sababu udongo ule ule unawafaa.

Sheria hiyo ilimgusa zaidi mwenye gari. Jioni ya kwanza alisimama konani akiwa amenuna, akimtazama mtoto wa jirani, yule mdogo aliyekimbilia lami, akipindua gari lake mara nne katika mzunguko mmoja. Mara nne aliinama na kulisimamisha. Mara ya tano alimwita, “Punguza kabla ya kona, si ndani ya kona!” Mdogo akapunguza. Gari likapita.

Miezi michache baadaye mjomba alileta gari la pili. Yote mawili hutumia rimoti za gigahezi 2.4, ambazo kila moja huongea na gari lake tu. Zile za zamani za megahezi 27 zilikuwa zikiingiliana, mmoja anakata kushoto na gari la mwingine linatii.

Kazi isiyoisha

Uwanja wa udongo si sakafu ya saruji. Masika yalikula kona mbili na nusu ya tuta, na watoto walirudi kwenye kichuguu na ndoo zao. Kiangazi hudai maji: jioni hunyunyiziwa ndoo mbili ili asubuhi ya Jumamosi pasiwe na vumbi, na ndoo hizo huchotwa na wale wanaotaka kuendesha. Mpunga ulipovunwa, mama alitandika turubai juu ya njia yote, na kwa majuma kadhaa hakuna aliyeuliza rimoti iko wapi. Lilikuwa sharti la kwanza kabisa, na lilitimizwa.

Mzazi asiye na gari la betri anaweza kuanza na udongo peke yake. Magari ya waya na ya kopo yanatosha, na kijiti kinatosha kuchora njia. Kinachohitajika ni eneo lisilo na magari makubwa, mtu mzima anayeweza kuona kinachoendelea, na sheria ambayo hata mwenye mali anaifuata. Mtoto aliyeambiwa “usiende kule” bila kuonyeshwa pa kwenda, atarudi kule.

Ikifika magharibi, rimoti zote huwekwa kwenye ungo wa bibi chini ya mwembe. Yeye hazijui kuziwasha, ila huzihesabu. Zikipungua, hakuna anayeingia kula.