Postgres ndani ya FreeBSD, na mlango usio na kufuli

Wiki hii nimehamisha kumbukumbu zangu za kazi kutoka kwenye majedwali ya Excel. Zimekuwa nyingi mno. Kujua nani alisema nini kuhusu zabuni ipi inanila asubuhi nzima. Nimekodi seva ndogo, nikaweka FreeBSD, na juu yake hifadhidata ya PostgreSQL.

Mtauliza kwa nini si Linux kama wengine. Sina sababu nzito, ila napenda kwamba hawa wawili ni watoto wa mtaa mmoja. FreeBSD inatokana na Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mradi wa Postgres ulianzia hapo hapo mwaka 1986 chini ya Michael Stonebraker. Jina la PostgreSQL lilikuja 1996.

Kuiweka ni amri nne tu, chai haijapoa:

pkg install postgresql16-server
sysrc postgresql_enable=YES
service postgresql initdb
service postgresql start

Basi, imewaka. Maelekezo mengi huishia hapo, na mimi ndipo roho iliponidunda. Amri ya tatu hutoa onyo fupi kwamba miunganisho ya ndani imewekewa "trust", yaani kila anayebisha anaaminiwa. Maana yake, yeyote mwenye akaunti kwenye mashine ile, au programu yoyote mbovu inayoendeshwa humo, anaweza kusema "mimi ni postgres" akafunguliwa kila kitu bila kuulizwa neno la siri. Kwa duka la viatu labda si neno. Kwangu mimi humo kuna watu ambao wangepoteza kazi.

Kwa hiyo kwanza nikampa mtumiaji postgres neno la siri, kisha nikafungua faili la pg_hba.conf lililoko /var/db/postgres/data16. Kila palipoandikwa trust nikaweka scram-sha-256, halafu service postgresql reload. Faili hili husomwa kutoka juu kwenda chini na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoamua, kwa hiyo kuongeza mstari mkali chini ya mlegevu ni kazi bure.

Listen_addresses nimeiacha localhost ilivyokuja; nikiwa nyumbani naingia kwa SSH. Januari 2017 maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila neno la siri zilifutwa na wahuni, wakaacha ujumbe wa kudai bitcoin. Hawakuvunja kufuli lolote, hapakuwa na kufuli.

Kinachonisumbua zaidi ni nakala rudufu. Pg_dump ya kawaida hutoa maandishi matupu, ambayo yeyote anayeokota flashi yako atayasoma kama gazeti, na scram haina la kusema hapo. Zangu nazifunga kwa GPG kabla hazijatoka kwenye seva.

Hata hivyo, seva ya kukodi ina mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Majina ya watoa habari sijayaingiza. Kwenye jedwali kuna namba tu, M-07, M-12. Nani ni nani, hilo liko kwenye daftari la karatasi, na daftari halina anwani ya IP.