Nyota Zinazotupa Kipimo cha Mbingu



Tulipotumwa Mang'ola kwa mazoezi ya kichungaji, tulijiandaa kujibu maswali ya ndoa na ubatizo. Vijana wa kigango wakatuuliza lingine: "Mafrateri, hao wanaosema nyota ziko mbali hivyo, walipima kwa kamba gani?" Swali hilo ni la haki. Tukilikwepa, kijana atadhani sayansi ni hadithi tu, au kwamba imani inaiogopa.

Tuanzie kwenye mashamba ya vitunguu. Mkulima mwenye zamu ya maji usiku huenda na tochi. Ukimtazama kutoka mbali, hujui kama ni tochi ndogo iliyo karibu au kubwa iliyo mbali. Lakini ukijua nguvu halisi ya tochi, umbali unahesabika: ikiwa mbali mara mbili, mwanga unaokufikia ni robo, mara tatu, ni sehemu moja ya tisa.

Zipo nyota zinazotuambia nguvu zao. Zinaitwa Sefeidi. Hutanuka na kusinyaa, na mwanga wao hupanda na kushuka kwa idadi ileile ya siku, mzunguko baada ya mzunguko. Henrietta Leavitt wa Harvard, Marekani, alichunguza picha za vioo za Wingu Dogo la Magellan, nyota moja moja. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25, kwamba kadiri mzunguko unavyokuwa mrefu, ndivyo nyota inavyong'aa zaidi. Kwa kuwa zote zimo katika wingu moja, umbali wao kutoka kwetu ni karibu sawa. Basi tofauti ya mwanga ni tofauti ya nguvu zao wenyewe. Mama huyo alikuwa na tatizo la kusikia, na alifariki mwaka 1921.

Wengine walikadiria umbali wa Sefeidi zilizo jirani, na kipimo kikawa tayari. Mwaka 1923 Edwin Hubble aliona Sefeidi ndani ya Andromeda, yenye mzunguko wa siku 31 hivi. Hesabu yake ilitoa miaka ya nuru 900,000 hivi. Hivyo Andromeda ni galaksi nyingine, nje kabisa ya yetu. Mwaka 1952 Walter Baade alieleza kwamba Sefeidi ni za aina mbili, na umbali ule ukaongezeka. Leo tunasema miaka ya nuru milioni 2.5. Padre Georges Lemaître naye, mwaka 1927, alitumia vipimo vya Hubble kueleza kwamba ulimwengu unatanuka. Hakuona sababu ya kuvua kanzu ili ahesabu.

Mang'ola, usiku wa Novemba usio na mwezi wala mawingu, mnamo saa nne, tuliwaonyesha vijana Andromeda upande wa kaskazini, na Mawingu ya Magellan chini upande wa kusini. Hayo yote huonekana bila darubini.

Mwanga wa Andromeda tuliouona ulianza safari baada ya nyayo za Laetoli, zenye miaka milioni 3.6, na kabla ya Zinjanthropus wa Oldupai, mwenye miaka milioni 1.75. Yote mawili ni ya Ngorongoro, wilaya jirani. Ndugu mseminari, Jumamosi utakaposali Zaburi ya 8 katika Masifu ya Asubuhi, kumbuka umbali huo, kisha uwe tayari kumweleza anayeuliza.