Njia tisa za Taifa Stars na safari ya Nyamongo

Najua nimepotea, msinilaumu. Bumu lilichelewa na kompyuta za maktaba zinagombewa kama daladala za jioni. Leo nimepata nafasi na sitaandika habari za mitihani. Jana jamaa mmoja chumbani kwetu kaniuliza, wewe mtu wa Tarime uliishiaje kusomea ualimu wa hesabu? Nikacheka tu. Jibu lenyewe ni refu, na lina Lesotho ndani yake.

Machi 2019 nilikuwa Kidato cha Tatu, Tarime. Alama zangu za hesabu naona soni hata kuzitaja. Rafiki yangu mmoja, tuliyekaa dawati moja, alikuwa ameshaamua: twende Nyamongo tukaokote magwangala. Kwa msiotoka kwetu, hayo ni mawe ya mabaki ya mgodini, watu wanayaponda kutafuta dhahabu kidogo iliyobaki. Tulipanga kuondoka Jumatatu tarehe 25, alfajiri, bila kuaga mtu. Nguo zangu zilikuwa tayari kwenye rambo chini ya kitanda.

Sasa Jumapili yake, tarehe 24, Taifa Stars walikuwa wanacheza na Uganda kule Dar, mechi ya mwisho ya kufuzu AFCON ya Misri. Mzee wangu ni mtu wa minada ya ng'ombe, kaishia darasa la saba, lakini redio haimtoki mkononi. Hadithi yake kubwa ni ya Agosti 1979, yeye akiwa kijana mdogo: Stars kawafunga Zambia 1-0 nyumbani, kaenda Ndola kabanwa kweli kweli, halafu Peter Tino kasawazisha dakika za lala salama, 1-1, tukaenda Lagos 1980. Zama hizo ilikuwa kutoana tu, nyumbani na ugenini, na fainali zenyewe zilikuwa na timu 8. Mzee anasema ilikuwa kama kuvuka Mto Mara, unavuka au unasombwa. Baada ya hapo, miaka 39 tunasombwa.

Mwaka 2019 utaratibu ulikuwa mwingine. Fainali zilipanuliwa kwa mara ya kwanza kuwa na timu 24, kwa hiyo makundi 12 ya timu nne nne, na kwenye kundi letu wawili wa juu walikuwa wanapita. Uganda walishapita, walikuwa na pointi 13. Nyuma yao Stars 5, Lesotho 5, Cape Verde 4. Lesotho walikuwa wanacheza na Cape Verde kule Praia, saa ile ile.

Mchana tumetoka kanisani, Mzee kaniuliza tunahitaji nini. Mimi kwa kujiamini kabisa nikamwambia: "Baba, hata sare inatosha, Lesotho nao wakitoka sare. Tofauti yetu ya mabao ni hasi 2, wao hasi 4."

Kacheka mpaka kakohoa. "Mura, Maseru umeisahau?"

Nilikuwa nimeisahau. Kanuni za CAF, timu zikilingana pointi, haziangalii kwanza mabao ya kundi zima. Zinaangalia wenyewe kwa wenyewe walipokutana walifanyana nini. Sisi tulitoka nao 1-1 Dar mwaka 2017, wakatufunga 1-0 kwao Novemba 2018. Kwa hiyo tukilingana nao, wanapita wao. Mtu wa darasa la saba ananifundisha mimi wa Kidato cha Tatu! Halafu kaniambia nichukue mkaa, niandike ukutani jikoni njia zote zinazowezekana. "Zote," kasema, "usiandike unazozipenda tu."

Nikaandika. Stars kushinda, sare, kufungwa. Lesotho hivyo hivyo. Tatu mara tatu, tisa. Nikapitia moja moja. Tukitoka sare, hata Lesotho wakifungwa, Cape Verde wanafika 7 na sisi tuna 6, kwaheri. Tukishinda na Lesotho wakashinda, 8 kwa 8, Maseru inatumaliza. Zilibaki mbili tu: tushinde, na Lesotho wasishinde. Mama alikasirika kwa ajili ya ukuta, lakini mimi nilikuwa nautazama kama mtu aliyeiba kitu. Ilikuwa mara ya kwanza hesabu kunipa jibu nililokuwa na haja nalo.

Jioni kibanda umiza hakuna pa kuweka mguu. Msuva kafunga la kwanza. Kipindi cha pili Erasto Nyoni kwa penalti, Aggrey Morris la tatu. Watu wanarukaruka, mimi na Mzee tumekaa tu, tunamwangalia dogo mmoja mwenye simu. Tatu au thelathini ilikuwa ni sawa. Roho zetu zilikuwa Praia. Dogo kasema: sifuri sifuri, imeisha. Basi hapo na Mzee aliruka.

Alfajiri nilisikia mluzi nje. Mara mbili. Ndiyo ilikuwa ishara yetu. Nilikuwa macho, rambo iko pale pale. Sikutoka. Siwezi kudai nilipima maisha yangu usiku ule, nilijikunyata tu kwenye shuka mpaka mluzi ukanyamaza. Akaenda peke yake. Mtihani wa Kidato cha Nne hakuufanya. Leo ana pikipiki yake, mimi nina deni la bodi ya mikopo, na ananitumiaga vocha akiniita Ticha. Hajawahi kuniuliza kwa nini sikutoka. Bora angeuliza.

(Ya Misri kwenyewe tuyaache. Kenya walitufunga 3-2 baada ya sisi kuongoza mara mbili, na nina binamu zangu upande wa pili wa Sirari ambao hawajaacha kunikumbusha.)

Mwaka jana, 2025, nilikuwa mazoezi ya kufundisha shule moja wilaya ya Serengeti, ukipita Mugumu. Kidato cha Pili, mada ya takwimu, wamenuna wote. Nikafuta ubao, nikachora lile kundi. Karibu darasa zima wakajibu kama mimi, tofauti ya mabao. Kijana mmoja wa nyuma, mtoro sugu kwa sababu ya ng'ombe wa kwao, kawa wa kwanza kufika kwenye mbili. Kasimama: "Mwalimu, saba zote tumekufa." Kesho yake hakuja. Keshokutwa kaja, anauliza kama Kombe la Dunia nako wanapita wawili. Nikamwambia hapana, Afrika anapita moja kwa moja anayeongoza kundi tu. Kaguna, kakaa.

Tangu hapo Stars wamefuzu tena mara mbili, kwa sare ya 0-0 na Algeria kule Annaba Septemba 2023, na kwa kuifunga Guinea 1-0 Novemba 2024. Kule Morocco tukavuka makundi kwa pointi 2 tu, Mzee akagoma kushangilia, eti huo ni wizi. Tukatolewa na wenyeji 1-0, akanyamaza siku mbili.

Sasa ya 2027 tumepewa kuandaa sisi na Kenya na Uganda, na mwenyeji hahangaiki kufuzu. Juzi nimempigia kumweleza hilo. Kakaa kimya mpaka nikadhani vocha imekata.

"Kwa hiyo ukutani tutaandika nini?"

Haya wadau, wanafunga maktaba. Tuko pamoja.