Jumba la Dawa Mbele ya Bandari

Tuliposhuka Unguja kutoka katika boti iliyotutoa Dar es Salaam, hatukwenda mbali. Jumba tulilolikusudia liko Mizingani, hatua chache kutoka lango la bandari, na roshani zake za mbao zilizonakshiwa huonekana tangu baharini. Hadi leo laitwa kwa jina la zahanati, ijapokuwa ndani yake hamna tena mgonjwa.

Aliyelianzisha ni Tharia Topan, tajiri wa Kihindi aliyesimamia forodha zama za Sayyid Barghash. Mwaka 1887 aliweka jiwe la msingi la hospitali ya maskini. Mauti yakamkuta mwaka 1891 kazi haijaisha, na mjane wake ndiye aliyeiendeleza hata jumba likakamilika mwaka 1894. Lakini kuta peke yake hazitibu mtu. Mwaka 1900 jumba liliuzwa kutoka katika mirathi.

Mnunuzi, Haji Nasser Nurmohamed, alifanya jambo lililotusimamisha pale barabarani kwa muda mrefu. Orofa ya chini aliifanya zahanati ya sadaka, na orofa za juu akazigawa kuwa nyumba za watu kukaa. Chini dawa, juu wapangaji. Zahanati ile ilidumu hadi mwaka 1964.

Hapo tuliikumbuka zahanati ya mtaa wetu. Waume walichanga baada ya sala ya Ijumaa. Mama zetu wakauza viazi karai na mabuyu, na wengine wakatoa bangili zao. Tuliifungua kwa maulidi na dua. Leo chumba cha kuzalia hufungwa jua likichwa, kwa kuwa hatuna mshahara wa mkunga wa usiku. Ramadhani iliyopita dada yetu mmoja alijifungulia ndani ya tuktuk, njiani kwenda mbali. Mama na mtoto wako salama, alhamdulillahi. Lakini aibu ni yetu.

Pwani yetu si ngeni wa kheri hii. Mombasa ina hospitali ya Aga Khan tangu 1944 na ya Pandya tangu 1947, na Majengo kuna ya Mewa. Zote ni matunda ya jamii zilizojitolea. Nasi Waislamu tuna mafunzo ya tangu zamani. Sayyidna Umar alipopata shamba Khaybar, Mtume wetu (S.A.W.) alimwelekeza azuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Huo ndio wakfu: mali isiyouzwa, yenye kuzaa kila mwezi.

Kila mwaka hutujia mwenye nia njema akitaka kuongeza vigae au kupaka rangi. Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini juu ya dari ya zahanati yetu vyuma vya nguzo vimechomoza, vyangoja orofa. Tukijenga pale nyumba mbili za kupangisha, zikaandikwa wakfu kwa mashahidi na hati, kodi yake itamlipa mkunga wa usiku.

Ijumaa ijayo, baada ya sala ya Alasiri, tutakutana madrasani kuzungumza jambo hili. Twaomba kina mama waje, maana jumba la Mizingani lisingekamilika bila ya mwanamke. Wabillahi tawfiq.