Marehemu Mwalimu na Kalamu Yake

Mwaka 1963, akiwa Rais, Marehemu Mwalimu Julius Nyerere alitoa kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare, Julius Caezar. Hakuiacha hivyo. Mwaka 1969 aliitoa upya, na hata jina akalisahihisha: Juliasi Kaizari. Wenye mamlaka wangapi hukubali kujisahihisha mbele ya umma?

Ukatoliki nao hakuurithi kwa baba yake, Mtemi Burito. Alibatizwa mwaka 1943, kijana aliyekwisha kujiamulia. Shughuli za dola hazikumzuia kuhudhuria misa katika parokia ya Mtakatifu Petro, Oysterbay. Alipokwisha kung'atuka, alizitungia Injili zote nne tenzi, zikachapishwa mwaka 1996. Miaka mitatu baadaye alifariki London, akazikwa kwao Butiama.