Preston Nyuma ya Coketown

Aghalabu mhakiki huufahamu mji wa Preston, kaskazini mwa Uingereza, kabla ya kuufikia. Ameusoma katika Hard Times (1854), riwaya ya Charles Dickens, ambamo mji wa kubuni wa Coketown, unaohusishwa sana na Preston, umesawiriwa kwa moshi, matofali mekundu na mitambo isiyopumzika. Humo wafanyakazi huchochewa na Slackbridge, msemaji mwenye kelele nyingi na hekima haba. Debe tupu, kama wasemavyo wahenga.

Afungapo riwaya na kufungua magazeti ya mji wenyewe, hukutana na watu wengine. Mwaka 1853 wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Preston walidai warejeshewe asilimia 10 ya ujira waliyopunguziwa katika miaka ya 1840. Mwezi wa Oktoba waajiri waliungana wakafunga viwanda. Familia ziliishi kwa michango midogo midogo kutoka miji jirani. Nyimbo za mgomo zikachapwa na kuuzwa mitaani. Viongozi wao mashuhuri, George Cowell na Mortimer Grimshaw, walikuwa wafumaji. Kufikia Mei 1854 mgomo ulikuwa umevunjika, na asilimia 10 haikupatikana.

La ajabu ni kwamba Dickens aliwaona. Alifika Preston mwishoni mwa Januari 1854, akahudhuria mkutano wao, na mwezi wa Februari akaandika katika jarida lake, Household Words, akiusifu utulivu wao. Msemaji wa kelele yumo katika makala hayo pia, lakini nidhamu ya mkutano humshinda. Tarehe 1 Aprili jarida lilo hilo likaanza kuchapisha Hard Times, na humo kelele ndizo zishindazo: wafanyakazi wanamtii Slackbridge na kumtenga mwenzao, Stephen Blackpool.

Hapo mhakiki aliyezoea kufundisha kuwa fasihi ni kioo cha jamii hana budi kusita. Kioo hiki kilishikwa na mtu aliyeona jambo moja akaonyesha jingine. Riwaya haipungukiwi thamani kwa hilo, maana hasira yake dhidi ya mfumo uliomgeuza binadamu kuwa tarakimu ni ya kweli. Lakini wafumaji wa Preston walidhulumiwa mara mbili: kwanza ujira, kisha sauti. Ujira hauwezi kurudishwa tena. Sauti ingali katika magazeti na karatasi za nyimbo, ikimsubiri msomaji.