Kibao cha Baba na Daftari la Mwalimu

Baba yangu alifundishwa mpira wa meza na Wachina wa reli. Miaka ya sabini mwanzoni alikuwa kibarua wa TAZARA upande wa Makambako, na kambini kulikuwa na meza ya mbao ambayo mafundi wa Kichina waliichezea jioni, kazi ikiisha. Akashika kibao kama walivyokishika wao, kwa vidole, kama mtu ashikavyo kalamu. Mpaka leo hashiki vingine.

Kwa hiyo nilikua ndani ya nyumba yenye upande wake. Majirani walibishana Simba na Yanga. Baba alibishana na mwalimu wa hesabu wa mtaani kwetu kuhusu watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona wakicheza. Baba alikuwa wa Liu Guoliang, mshika kalamu aliyechukua dhahabu ya Atlanta 1996. Mwalimu alikuwa wa Jan-Ove Waldner, yule Mswidi wa dhahabu ya Barcelona 1992, ambaye mwaka 1997 kule Manchester alitwaa ubingwa wa dunia bila kupoteza hata seti moja. Habari zilitufikia kwa kudokolewa: sentensi moja redioni baada ya matokeo ya soka, gazeti lililofika likiwa limeshafungiwa vitu. Uhaba huo uliufanya ubishi uwe mzuri. Ulilazimika kufikiri. Ukisema Waldner ni bora, ulitakiwa ueleze kwa nini, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuchungulia jibu.

Kisha orodha ikatufikia. Palipofunguliwa duka la intaneti mjini, mimi ndiye niliyetumwa kuichapisha kila mwezi: viwango vya ubora vya Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza, jina, nchi, pointi. Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili. Alinieleza namna ilivyokokotolewa, na sijasahau furaha ya uso wake. Kila mchezaji alikuwa na pointi zake. Ukimfunga aliyekuzidi unavuna nyingi, ukifungwa na uliyemzidi unaumia sana. Orodha, kwa maneno yake, ilikuwa inajibu swali moja tu: nani anamfunga nani.

Na hata hivyo ilipingwa mezani, hadharani. Michezo ya Olimpiki ya Athens 2004, Waldner ana miaka 38, hayumo hata katika kumi bora. Akamtoa Ma Lin wa China. Akamtoa Timo Boll wa Ujerumani. Wote wawili walikuwa juu yake katika orodha. Nusu fainali ndiyo iliyomshinda, kwa Ryu Seung-min wa Korea Kusini, ambaye naye alikwenda kumfunga Wang Hao fainalini. Mwalimu hakulala usiku ule. Baba alisema mzee mmoja kushinda mechi mbili si hoja. Mwalimu akasema mechi ndiyo hoja yenyewe.

Sheria nazo zilikuwa zimebadilika. Mpira ulikuzwa kutoka milimita 38 hadi 40 mwaka 2000, na mwaka uliofuata seti ikashushwa kutoka pointi 21 hadi 11. Hilo la pili lilimkera baba kupita kiasi, na nadhani alikuwa na haki. Katika 21, aliyeachwa nyuma alikuwa na nafasi ya kumsoma mwenzake na kurudi. Katika 11, ukizubaa kidogo seti imekwenda.

Lakini lililotikisa ubishi wetu lilikuja Januari 2018. Hesabu ya zamani ikaondolewa. Badala yake mchezaji akawa anajumlishiwa matokeo yake nane bora ya miezi kumi na miwili, kila shindano na pointi zake kwa kadiri ya hatua aliyofika. Namba moja wa kwanza chini ya utaratibu huo akawa Dimitrij Ovtcharov wa Ujerumani. Machi, Timo Boll akapanda juu kabisa, mwezi uleule aliotimiza miaka 37. Ma Long wa China, bingwa wa Olimpiki na wa dunia, alikuwa chini yao. Baba, aliyekuwa ameidharau orodha miaka yote, sasa ndiye aliyekuwa akiipigia kelele.

Mimi naliona hivi. Orodha mpya haina uongo, imebadilisha swali. Inauliza nani amekwenda, na amekwenda mpaka wapi. Mchezaji akae nyumbani, ashuke. Kwa mashabiki ni faida, maana wakubwa wanaonekana mara nyingi. Ila kwenda kunahitaji tiketi, viza na hoteli, na mashindano mengi makubwa yako Asia na Ulaya. Ndiyo maana Quadri Aruna wa Nigeria alipoingia nafasi ya kumi duniani mwaka 2022, Mwafrika wa kwanza kufika hapo, nililia mbele ya watoto wangu. Huyu alikuwa tayari amemtoa Boll mwenyewe Rio 2016 na kufika robo fainali. Mwaka 2023 mashindano ya dunia yakachezwa Durban, mara ya kwanza Afrika tangu Cairo 1939. Namba kumi ya Aruna, kwangu, ina uzito kuliko namba tatu ya mtu ambaye viwanja vyote viko nyuma ya nyumba yao.

Desemba 2024 swali likapasuka kabisa. Fan Zhendong na Chen Meng, mabingwa wote wawili wa Olimpiki ya Paris, walitangaza kujiondoa katika orodha kwa sababu ya faini za kutoshiriki mashindano. Bingwa wa Olimpiki hana nafasi duniani! Mwalimu alipiga simu asubuhi na mapema. Amestaafu, macho yanamsumbua, lakini ana daftari ambamo anakokotoa kwa kanuni ya zamani, mechi kwa mechi. Humo Fan Zhendong hajatoka.

Baba naye ana jambo jipya la kushikilia. Washika kalamu walikuwa wamekwisha kuadimika huko juu, naye alishakata tamaa, mpaka akatokea kijana wa Kifaransa, Félix Lebrun, aliyezaliwa 2006, anayeshika kama Wachina wa Makambako na kupiga kwa upande wa nyuma wa kibao kama Wang Hao. Kila orodha ya wiki ikitoka ananiuliza Lebrun yuko wapi. Mwalimu anamweka Hugo Calderano wa Brazili juu yake, kwa kuwa Aprili 2025 Calderano alimtoa Wang Chuqin na kumfunga Lin Shidong kule Macao akachukua Kombe la Dunia. Baba anamkumbusha mechi ya medali ya shaba Paris, Lebrun nne, Calderano sifuri. Mwalimu anamwambia hiyo ni ya mwaka uliotangulia, imeshaingia daftarini na imeshahesabiwa. Baba anataka aione hesabu yenyewe.